Nafuna na Vibibi Waliokimbia Bati

Bannange! Wapwa wangu, nimeona mengi Kampala hii kabla ninyi hamjajua kufunga kamba za viatu, lakini yaliyotokea uani kwa Nafuna yaliniacha mdomo wazi.

Nafuna ni mtoto wa dada yangu, Mbukusu aliyevuka mpaka na begi moja na maneno ya watu saba. Anakaa Nsambya, nyuma ya nyumba za reli. Uani amepanga magunia ya udongo, na sukuma wiki imeota juu hadi ubavuni mwa magunia. Ndiyo inayomlisha. Mnunuzi wake ni Hortense, Mkongomani mwenye kibanda cha chakula Wandegeya, ambako wanafunzi wanakula kama nzige.

Dawa hapulizi. Ana askari wake: wale wadudu wekundu, wa mviringo kama nusu ya njegere, wenye madoa meusi mgongoni. Sisi tunawaita vibibi. Kidukari, yule mdudu mdogo anayenyonya utomvu, akitua kwenye jani, kibibi ameshamtafuna.

Januari jirani akajenga ua wa mabati mapya, yanang'aa kama meno yangu ya ujanani. Jua likapiga bati, bati likapiga magunia. Nililigusa kuonyesha uanaume. Nikaruka.

“Umeungua, Mjomba?”

“Nimepima joto tu.”

Februari vibibi wakatoweka. Wote! Vidukari wakazaana bila aibu, chini ya kila jani kama unga wa kijivu unaonata. Hortense akaja mwenyewe, akageuza jani moja.

“Mama, hii mboga iko na wadudu mingi. Juma ijayo ikiwa hivi, nitanunua sokoni Nakasero.”

Nafuna akaanza kuwapangusa kwa kanga.

Mimi nimesoma hadi darasa la sita, lile la zamani linaloshinda diploma zenu, basi nikatoa suluhisho. Nikaenda kwenye bustani yenye kivuli ya rafiki yangu Oloya, nikajaza chupa ya vibibi, nikawamwaga juu ya magunia jua la mchana likiwaka. Hawakuonja hata kidukari mmoja. Walipanda hadi ncha ya jani, wakafungua mbawa, wakaenda zao. Mmewahi kuona watu wakitoka matangani nyama ingali jikoni?

Sasa, kwetu mwanamke hupimwa kwa ua wake. Nafuna hufagia kabla ya chai. Majani yote ya mfenesi ulioko pembeni mwa ua huyasukumia kwenye lundo kivulini, na lundo likikua huliwasha moto. Asubuhi iliyofuata aliwasha. Moshi ukapanda, na chini ya majani vitu vyekundu vikaanza kutoka. Nilidhani ni cheche. Cheche zenye miguu!

“Mjomba! Njoo! Ni wao!”

Vibibi, mamia, wanapandana wakikimbia. Kumbe hawakuhama mbali. Joto la kiasi huwapa nguvu ya kula na kuzaa. Likizidi, huacha hata chakula na kutafuta ubaridi. Walilikimbia bati wakajificha kwenye majani yenye unyevunyevu ya mfenesi, na Nafuna akawa anawafagia na kuwachoma.

Alinyakua beseni la nguo zilizolowekwa, mashati yangu yakiwemo, akalimwaga lote motoni. Akapiga magoti akichimbua, jivu hadi viwikoni. Vibibi wengi aliowatoa hawakusogea tena.

“Mimi mwenyewe, Mjomba,” alisema. “Kila lundo. Mimi mwenyewe.”

Mimi ambaye huchekesha hata makaburini, nikapiga magoti kando yake, nikachimbua.

Tukaburuta magunia hadi chini ya mfenesi. Majani ya mfenesi yaliyobaki chini, marufuku kuguswa. Jumapili wanawake wa jumuiya ya kanisa walikuja kusali, na kiongozi wao, Nabalayo, akasimama kama aliyefika kinamasini.

“Nafuna, dada, unaumwa?”

“Siumwi. Zungukeni, msikanyage.”

“Tusikanyage takataka?”

“Msikanyage.”

Walimwombea yeye peke yake, na sala ilikuwa ndefu.

Hortense alirudi juma lililofuata, kama alivyosema. Akageuza jani. Vidukari walikuwepo, wachache, na katikati yao kijidudu cheusi chenye miiba, kama mamba aliyekosa chakula. Akainua kidole akipukute. Nafuna akamshika mkono.

“Huyo ni mtoto wa vibibi. Mwache ale.”

Hortense alimtazama Nafuna, akatazama magunia.

“Nitabeba nusu. Nusu ingine, Nakasero.”

“Aksanti, Mama,” alisema Nafuna kwa Kiswahili cha Kongo, akaanza kuchuma jani moja moja, akipuliza kila jani kwa mdomo ili vibibi wahame kabla ya kulikata.