Kombe Kwenye Chumba cha Mtihani

Mimi mdomo wangu hauna kitasa, na wanaonijua hapa Likoni hawatabisha. Kwa hivyo siku ile ya mkutano wa wazazi, mzazi mmoja aliposimama akapendekeza tutoe kitu kidogo cha kuwakirimu wasimamizi wa mtihani, nilikuwa wa kwanza kufoka. Kuwakirimu nani? Mgeni hukirimiwa nyumbani, hakirimiwi penye mtihani! Nikasema mtoto wangu kama hajui, na aanguke. Tena atakayeshikwa na mwakenya, ile karatasi ya kuibia majibu, na atolewe mchana kweupe, hata akiwa wangu.

Hata akiwa wangu. Nilitamka kwa sauti, mbele za watu, na wengine wakanipigia makofi. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Nina binti mmoja tu. Mwaka ule alikuwa kidato cha nne, na tangu yuko mdogo neno lake ni moja: atasomea uuguzi. Nimemlea kwa mahamri na mbaazi ninazouza karibu na lango la shule yao. Alikuwa akisoma mpaka namhurumia, lakini mwoga, masikini. Akiulizwa jambo analolijua, hulisahau kwa hofu. Basi mimi mamake nikaona nimfanyie kombe.

Kwetu, mtu akiwa na jambo kubwa mbele yake, hufanyiwa kombe. Maalim huandika maneno ya dua kwa zafarani, kwenye sahani au kwenye karatasi, kisha maandishi yakaoshwa kwa maji na marashi, na maji yale yakanywewa. Bibi yangu alinifanyia mimi siku ya harusi yangu, na mamangu alinifanyia nilipokaribia kujifungua. Halina siri wala uchawi. Maalim wetu alikuwa na wageni wiki nzima, karatasi akanipa baada ya sala ya alfajiri, mtihani ushaanza siku nyingi. Nikaiviringisha, nikaitia kwenye chupa ya soda, nikajaza maji na marashi kidogo, nikamwekea binti yangu mkobani.

"Ngoja maji yageuke rangi kwanza," nikamwambia. "Yakigeuka, sema bismillahi, unywe."

"Abee, mama," akasema, akaenda zake.

Nikaenda kukaanga mahamri yangu nimetulia. Jambo ambalo sikuliwaza, wallahi, ni kwamba mtihani wa asubuhi hiyo ulikuwa wa Dini ya Kiislamu.

Sijauza hata nusu ya sinia, nikamwona bawabu wa shule anakuja mbio. "Mama, binti yako ameshikwa. Ana maandishi ya Kiarabu kwenye chupa."

Niliacha mafuta motoni. Nilipofika langoni, askari alinizuia, na alikuwa na haki yake, kwani mzazi haingii mtihani ukiendelea. Bawabu ndiye aliyenieleza kilichotokea. Binti yangu alipofika pale langoni maji yalikuwa bado meupe, na mimi nilimwambia angoje yageuke. Mtoto mtiifu akaingia na chupa yake, akaiweka chini ya kiti. Msimamizi mkuu, mwalimu mwanamke aliyeletwa kutoka shule moja ya Chaani, alikuwa akipita kati ya madawati akaiona karatasi inaelea. Akaichukua chupa, akamwambia binti yangu aendelee kuandika, akawaachia wenzake chumba na kuingia ofisini.

Dirisha la ofisi lilitazamana na lango. Nilimwona yule mwalimu kwa macho yangu. Ameitandaza ile karatasi iliyolowa kwenye kisahani, ameinama, anaandika. Aliandika, akatazama kisahani, akaandika tena. Muda wote huo! Nikajiuliza, anaandika nini huyu? Kosa lenyewe ni mstari mmoja, au anamtungia mwanangu kitabu? Kila alivyoendelea, ndivyo nilivyozidi kuchemka. Mwisho akaikunja karatasi, akairudisha chupani kama alivyoikuta, akafunga kifuniko.

Alipotoka kuja langoni kuniuliza maswali, sikumpa nafasi. Nilimwambia nyinyi watu wa bara mnatuona sisi wachawi. Nikamwambia ile ni dua, ni dua tu, amuulize mtu yeyote Likoni nzima. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mama, huenda ni dua," akasema. "Lakini leo ni mtihani wa Dini, na mimi sijui kuisoma."

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu yenyewe. Nikaona uuguzi unakwenda, miaka minne inakwenda, na shule nzima huenda ikazuiliwa matokeo kwa sababu ya chupa yangu. Mkono wangu ukashuka wenyewe kwenye pindo la leso, nikafungua fundo nililofungia mauzo ya asubuhi. Mimi! Mimi niliyefoka mkutanoni!

Yule mwalimu hakurudi nyuma wala hakupaza sauti. "Funga leso yako, mama. Ukinipa hata shilingi moja, hii dua itageuka mwakenya, na mimi na wewe ndio tutakuwa tumeigeuza."

Nikafunga. Fundo lilinishinda mara mbili.

Afisa wa elimu alifika adhuhuri. Chupa ikafunguliwa, karatasi ikatolewa. Nyeupe pe! Zafarani yote ilikuwa imeingia majini, na maji yamekuwa ya manjano kama chai ya tangawizi. Mkuu wa shule, bwana mpole asiyejua kudanganya, alinijia langoni akaniambia ukweli: sasa inaonekana kana kwamba tumefuta ushahidi. Kombe lilikuwa limefanya kazi yake ya kawaida, na kwa kufanya hivyo limetumaliza.

Binti yangu alimaliza mitihani iliyobaki akilia njiani kwenda na kurudi. Majirani nao hawakuniacha. Nikipita, nasikia, "Hata akiwa wangu!" halafu kicheko. Ningejibu nini? Nilikuwa nimeyasema.

Baada ya wiki kadhaa tukaitwa kwenye ofisi ya elimu, mimi na yeye. Kulikuwa na watu watatu mezani, mmoja wao mwalimu mzee wa somo la Dini. Nje, kwenye benchi, nilimkuta yule msimamizi. Nikamtolea salamu.

"Tusalimiane matokeo yakishatoka, mama," akasema taratibu, akatazama mbele. Lo! Niliumia. Nikajua huyu amekuja kunizika.

Ndani wakatoa ripoti yake. Mwenyekiti akampa yule mzee ukurasa mmoja, na mimi niliyekaa upande wake nikauona. Kilikuwa ni Kiarabu, kimeandikwa kwa kalamu ya buluu, herufi zimepinda na kuyumba kama za mtoto wa chuo cha Kurani siku yake ya kwanza. Mistari saba. Wakati ule nilipokuwa nikichemka langoni, huyu mwanamke alikuwa ananakili. Zafarani ikimkimbia kwenye kisahani, yeye anaikamata.

Mzee akavaa miwani, akasoma kimoyomoyo, kisha kwa sauti. Ilikuwa dua ya kumuomba Mola amzidishie mja wake elimu. Mstari uleule mmoja, mara saba. Akachukua karatasi ya mtihani akaipitia swali kwa swali, akaiweka chini.

"Hakuna neno la dua hii linalojibu swali lolote humu," akasema. "Ni kombe. Hata mimi nimelinywa."

Nilitaka kupiga kigelegele palepale. Lakini mwenyekiti alikuwa hajamaliza ukurasa wa pili. Akasoma: mzazi alifungua leso, nilimwambia aifunge, akaifunga. Akanitazama juu ya meza. "Ni kweli, mama?"

Binti yangu akageuka akanitazama. Sikuwahi kumwambia. Nilitamani nikane, nakiri, kwani bawabu na askari walikuwa wametupa mgongo, nani mwingine aliyeona pale langoni? Ulimi nao ushaanza kutafuta maneno. Lakini ningewezaje kutaka ukurasa wa kwanza uaminiwe na wa pili uonekane uongo? Mkono ulioandika ni mmoja.

"Ni kweli," nikasema. "Niliingiwa na hofu. Naomba radhi."

Walinionya, tena vikali, mbele ya mtoto wangu, na niliikubali aibu ile yote. Wakasema watapeleka maoni yao, tungoje. Njiani kurudi tukapanda feri. Tulipofika ng'ambo binti yangu akanishika mkono, akasema, "Kombe jingine, mama, ninywe nyumbani." Tukacheka mpaka watu wakatutazama.

Matokeo yalitoka mwezi wa kwanza. Alifungua simu huku nimefumba macho, mimi nisiyeogopa mtu. Halikuzuiliwa hata somo moja. C yenye alama ya kujumlisha, na Dini amepata B. Siyo ya kutangazwa redioni, lakini ni yake yote, na mlango wa uuguzi uko wazi. Nililia, nikasujudu, nikalia tena. Mwili ulilegea kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Alhamdulillahi, usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu siku ya chupa.

Asubuhi yake nilikaanga mahamri kwa mkono mzuri, iliki imejaa, nikavuka feri, nikaenda mpaka Chaani. Nilimngoja yule mwalimu kwenye lango la shule yake mpaka watoto walipotoka. Aliponiona alisimama.

"Yametoka," nikamwambia.

"Basi hujambo, mama," akasema, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitabasamu.

Nikamwomba radhi kwa yote niliyomwambia, ya watu wa bara na ya wachawi. Akasema alishasahau, na nilijua hajasahau. Nikamfungulia kikapu. Akachukua hamri moja, akalila palepale amesimama, chembe zikimwangukia kwenye blauzi. Kuna jambo lilikuwa limenikereketa tangu siku ya ofisi, nikamuuliza.

"Mwalimu, mstari ulikuwa mmoja tu. Mbona ulinakili yote saba?"

Akamaliza kutafuna kwanza. "Sikujua kama ni mmoja," akasema. "Mimi sijui Kiarabu, mama. Ndiyo maana sikuthubutu kuacha hata nukta."

Akanyoosha mkono akachukua hamri la pili bila ya kuniuliza.