Risasi Pole za Mama

Kila Novemba majirani zangu wa Neasden, hapa London, wanapoanza kurusha fataki, mimi hukimbilia kufunga madirisha. Kelele hazinisumbui. Kinachonisumbua ni ile harufu ya baruti inayoingia mpaka jikoni na kukaa kooni. Nikiisikia tu, nimesharudi kwenye meza yetu ya Walthamstow, mtoto wa miaka tisa, tochi mkononi.

Niwaambie mapema, wenzangu, msije mkadhani nimelelewa na majambazi. Mama alikuwa mlenga shabaha. Alijifunzia jeshini, JKT, huko Tanzania, kabla hajaja huku kuuguza wagonjwa Lewisham, na alikuwa hodari kweli. Hapa alijiunga na klabu moja ya shabaha nje kidogo ya mji, akapata kibali cha polisi na bastola ya magnum, ile ya silinda. Mtutu wake ulikuwa mrefu kama mwiko wa shughuli, maana sheria ya hapa haitaki bastola fupi. Baba aliiita Twiga. Ilifungiwa kwenye sefu, na ufunguo ulikokuwa unakaa sijapajua mpaka leo.

Mwaka ule Mama aliteleza kwenye barafu mlangoni akavunjika kifundo cha mkono. Plasta ilipotolewa akaenda klabu kwa hamu zote. Twiga ikampiga teke, akarudi mkono umevimba, hasemi na mtu. Nilimwona anaosha vyombo kwa mkono mmoja huku machozi yanamlengalenga, nami sikuwa nimezoea kumwona Mama analia.

Baba alikuwa fundi cherehani na bunduki hakuzipenda hata kidogo. Lakini alikwenda kwa mzee mmoja wa klabu akafundishwa kutengeneza risasi pole: ganda lilelile, kichwa kilekile, ila baruti kidogo tu, ili teke lipungue. Basi Jumamosi mchana cherehani iliondolewa mezani, ikawekwa mizani, kopo la baruti, mashine ya kubania, na kibao chenye matundu cha kusimamishia maganda. Kazi yangu ilikuwa kumulika ndani ya kila ganda kabla halijafungwa.

"Angalia vizuri, mama," Baba aliniambia. Baba zetu ndivyo wanavyotuita. "Risasi kali inajaza ganda. Ukipitiwa ukatia baruti mara mbili, inamwagika mezani, unajicheka, yamekwisha. Hii pole inakaa chini kabisa. Ukitia mara mbili inaingia yote, wala huoni kitu. Simba mwenda pole ndiye mla nyama."

Nikamuuliza kwa Kiingereza, kama tulivyokuwa tukiwajibu wazazi wetu, ikiwa imeingia mara mbili kinatokea nini. Baba akasema bastola inaweza kupasuka. Hakusema mkononi mwa nani. Hakukuwa na haja.

Jumamosi moja, kibao kikiwa katikati, simu ikalia. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, kutoka Moshi. Sasa nyie mnajua, dada mkubwa humwambii niko bize. Baba alisimama na kijiko cha baruti mkononi, akaamkia, "Shikamoo dada," na salamu zikaanza safari yake: kazi, baridi, mtoto, mkono wa wifi yake, paa, ng'ombe, goti. Kila Baba alipovuta pumzi apate kuaga, goti lilirudi.

Aliporudi mezani alikitazama kibao muda mrefu. "Nilifika wapi?"

Sikujua. Hata mimi nilikuwa nasikiliza habari za goti. Akagusa ganda moja, akaliacha, akagusa la pili, kisha akaendelea. Nilimulika yote. Kila nilipochungulia niliona weusi chini, na kwangu weusi ulikuwa weusi tu. Nikasema sawa. Nilisema kwa kusitasita, na nadhani Baba aligundua.

Kesho yake klabu, Mama alivaa vizibo vya masikio, akajaza silinda, akainua mikono. Nilikuwa nyuma ya mstari nimemshika Baba koti. Ndipo Baba akainua mkono, msimamizi akasimamisha kila mtu.

"Mama Nuru, shusha," Baba akasema. "Sina uhakika na risasi zangu."

Wazungu wote waligeuka. Mama alizitoa moja moja, taratibu, bila kumtazama. Alikuwa amesubiri siku ile miezi mingi. Ndani ya gari, karibu na nyumbani, Mama akasema, "Umenivua nguo mbele za watu."

"Najua," Baba akajibu.

Alikwenda moja kwa moja bustanini na nyundo ya kung'olea vichwa vya risasi. Akaanza kuzigonga kwenye zege, akafungua ya kwanza, akaimimina baruti kwenye chupa ya jemu. Nilimkimbilia na mizani, nikamwomba tupime moja moja. Akakataa. Alifungua ya pili, akaimimina humohumo bila hata kuitazama. Nikaanza kulia kwa hasira. Nikamwambia sasa hatutajua kabisa kama kulikuwa na mbaya.

"Ndiyo," akasema. "Hatutajua."

Mama alikuwa mlangoni anatusikia. Akatoka, akakaa kwenye ngazi, akaanza kumpitishia Baba risasi kwa ule mkono mzima. Baruti yote ikamwagwa kwenye nyasi. Jumamosi iliyofuata Baba alianza upya akiwa amezima simu, ikawa ndiyo desturi yake, na Shangazi alilalamika kwa ukoo mzima kwamba mdogo wake amekuwa Mzungu.

Miaka mingi niliamini Baba aliogopa kuliona kosa lake, na kusema kweli nilimdharau kidogo. Leo natengeneza dawa za sindano za watoto hospitalini. Juzi mwenzangu alinisimamisha katikati ya kupima, tukasalimiana, tukacheka. Nikarudi mezani nikiwa na uhakika, karibu wote. Nikaimwaga dawa ile. Mwenzangu akashangaa: si ungeipima tu, labda ilikuwa sawa.

Labda. Hapo nikamwelewa Baba. Hakuogopa kukuta moja mbaya. Aliogopa kukuta zote nzuri, kwa sababu angezikuta nzuri, Shangazi akipiga tena angerudi mezani na kuendelea, na mshika bastola ni Mama.

Nilitoka nje nikampigia Baba simu nimwambie. Haikupatikana. Nikakumbuka ni Jumamosi mchana.