Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Kazi yangu ni kukanda watu. Nina chumba Majengo, nyuma ya maduka ya nafaka, na tangu asubuhi wananijia wapagazi walioteguka mabega, madereva wenye viuno vilivyokakamaa, na watu wa ofisini ambao shingo hazigeuki. Hao nawapenda, hawana maneno mengi. Shida huanza nikisema kwamba nilisomea pia kukanda kifua cha wanawake waliopasuliwa titi. Wanaume hucheka, halafu huniuliza kama kuna nafasi ya kazi. Nimewahi kumtoa mteja nje shati likiwa bado mkononi kwa sababu ya kicheko hicho.

Wasichokijua ni kwamba titi likiondolewa, ngozi iliyobaki hushikana na mbavu, na kovu huvuta kila kitu upande wake, bega, kwapa, hata pumzi. Mwanamke huanza kutembea amejikunja kama anayeogopa kupigwa kifuani. Anayetaka kumsaidia ana sheria chache, nami nimezishika kuliko ninavyoshika mambo mengine mengi. Mwenye mwili aulizwe kwanza, kisha aulizwe tena. Mwanamke mwingine awepo chumbani. Pafunuliwe pale tu mkono unapofanya kazi. Akisema basi, ni basi, hata kama ulikuwa umebakiza kidogo.

Mgonjwa aliyenitoa jasho kuliko wote ni mama mkwe wangu. Yeye ni Mgogo wa Bahi, mkulima wa mpunga, na kwao mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai pamoja, hawali pamoja, wala hawatazamani usoni. Mimi natoka Kondoa. Kwetu pia mkwe anaheshimiwa, lakini si kwa kukimbiana namna ile. Akija kwetu Ihumwa, yeye alikaa uani, mimi sebuleni, na mke wangu mlangoni akipeleka maneno huku na huku.

"Mwambie mama shikamoo," nilikuwa nikisema.

"Mwambie marahaba," alijibu mama mkwe, kabla binti yake hajafungua kinywa.

Sote watatu tulikuwa tumesikia. Nilimfahamu kwa sauti tu, na kwa sauti hiyo nikampenda, maana alikuwa na utani mkali. Siku moja alimwomba mke wangu aniulize kama mikono yangu inakanda na unga, kwa kuwa chapati za nyumba ile zilikuwa ngumu kama kandambili. Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka chai ikanipalia.

Alipougua alinyamaza. Uvimbe ule aliuficha chini ya khanga msimu mzima wa kupanda, na alipomwonyesha mwanawe ilikuwa imebidi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulikuwa na bahati kwamba kifo hakikuwahi. Walimpasua hapa mjini, wakaondoa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani. Kidonda kilifunga vizuri. Daktari akasema kinachofuata ni mionzi, na akaeleza jambo ambalo mimi nilikuwa nalijua lakini nilitamani wengine walisikie kwake. Ili mashine ifanye kazi, mgonjwa hulala chali mkono ukiwa juu ya kichwa, na hubaki hivyo bila kutikisika. Mkono usipopanda, mionzi haiwezekani, na ugonjwa huo haumsubiri mtu.

Akaruhusiwa kwenda kwao kupumzika na mazoezi ya mkono, arudi siku ya mionzi ikikaribia. Aliporudi kwetu nilimwona kwa mgongo akivuka ua. Mkono ulikuwa umefungwa kwa kitenge, umebanwa ubavuni. Kule kijijini wanawake walikuwa wamemhurumia. Walimwambia mtu aliyekatwa hachezeshi panapouma, wakaufunga ule mkono utulie, na kila asubuhi walimkanda kifua kwa maji ya moto, kwa kitambaa kilichochovywa kwenye sufuria, kama mzazi aliyetoka kujifungua. Walifanya kwa upendo wote. Lakini mkono uliotolewa tezi hautaki moto, na kifua kile kilitaka kuchezeshwa, si kufungwa. Mkono ulikuwa umevimba mpaka vidoleni, na mke wangu aliponiambia kwamba haupandi kufika hata usawa wa bega, nilipiga teke ndoo iliyokuwa karibu. Niliona aibu baadaye, maana mama mkwe uani alisikia.

Nilitafuta mwanamke wa kumkanda. Mwenzangu mmoja niliyesoma naye alikuwa amehamia mbali. Hospitali walikuwa tayari kumpokea, lakini mama mkwe alikataa katakata. Alisema mgeni hataona alivyokatwa, waliomwona mle hospitali wanatosha. Aliyebaki ni binti yake, na binti yake ni fundi cherehani.

Basi nikamfundisha mke wangu kwenye kifua changu mwenyewe. Nilivua shati nikalala kwenye mkeka, nikamwonyesha jinsi ya kuweka kiganja kizima na kuivuta ngozi pole pole bila kuteleza juu yake, kama mtu anayesogeza utando wa uji bila kuupasua. Anza mbali na kovu, likaribie, lishike, subiri. Alijifunza haraka kwa sababu anajua kitambaa kinavyovuta.

Tukatundika pazia kwenye chumba cha watoto. Upande mmoja mama mkwe na binti yake, upande wa pili mimi, kwenye kigoda, nimelitazama pazia la maua ya njano. Sikuwahi kufanya kazi ngumu kama ile. Mikono yangu huona. Pale ilikaa magotini bure kabisa, nikawa nauliza maswali kama kipofu: ngozi ina joto? Ni nyekundu? Ukibonyeza panabaki shimo? Anavuta pumzi au ameizuia? Mke wangu alijibu, nami nilijaribu kujua kwa sauti yake kama anasema kweli.

Uvimbe wa mkono ulipungua. Mkono ukafika usawa wa bega, ukapita kidogo, halafu ukagoma. Siku zilikuwa zinatuishia, na kila alasiri mke wangu alitoka nyuma ya pazia akitikisa kichwa. Nilijua tatizo lilikuwa wapi. Mama yake akiguna tu, yeye huachia. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, hawakutuambia kitu kuhusu anayemchelea mama. Nilimsema, na nilimsema kwa ukali. Akanijibu kwamba ningekuwa nakanda mama yangu mzazi ningeelewa.

Alasiri moja nikasikia ameacha. Akasema polepole kwamba kuna kitu kwapani. Kamba. Imetoka kwapani inashuka mpaka karibu na kiwiko, imekaza chini ya ngozi, na mkono ukipanda inasimama kama uzi wa mtego.

"Ugonjwa umerudi," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kulia.

Nikamwambia haujarudi. Kamba hizo huwatokea wengi waliotolewa tezi, nimezishika kwa wengine, zinalegea. Nikamweleza jinsi ya kuivuta, mkono mmoja hapa, mwingine pale. Alijaribu. Mama mkwe alitoa mlio ambao sijausahau, kisha akasema kwa Kigogo maneno mengi ambayo niliyaelewa nusu. Nusu hiyo ilinitosha. Amechoka. Kesho asubuhi atapanda gari arudi Bahi, mionzi wampe mwingine, yeye atakufa na mkono wake chini.

Mke wangu akachungulia pembeni ya pazia, mikono imejaa mafuta.

"Ingia," akaninong'oneza. "Ingia umkande wewe. Mimi siwezi."

Nikasimama. Nasema ukweli, miguu ilikuwa inataka kuingia. Hasira pia ilikuwa inataka: mtu anakufa kwa ajili ya heshima, na dawa iko hatua mbili kutoka kwake, imezuiwa na kitambaa cha maua. Lakini mwenye mwili hakuwa ameulizwa. Ningeingia kwa nguvu, ningekuwa sina tofauti na wale wanaocheka pale chumbani kwangu Majengo.

"Muulize mama," nikasema kwa sauti, ili asikie. "Muulize kama mkandaji aingie. Si mkwe. Mkandaji. Akikataa, nitakaa hapa hapa."

Mke wangu hakuwa na haja ya kurudia. Nilisubiri. Nje mtu alikuwa anapiga honi ya bodaboda, akapita, na nikaanza kufikiria nitakavyowaambia watoto juu ya bibi yao.

"Mwambie asubiri kidogo," sauti ikasema.

Nikasikia nguo ikivutwa. Halafu mke wangu akalifungua pazia.

Mama mkwe alikuwa amelala chali. Kifua kilikuwa wazi upande mmoja, kovu limepita kutoka katikati mpaka kwapani, na uso wake wote, kuanzia paji mpaka shingoni, ulikuwa umefunikwa khanga. Titi lililobaki alikuwa amelifunika pia, lakini uso ndio alioufunga barabara, ncha zimekunjwa chini ya kichwa. Nilisimama penye pazia macho yamenijaa maji. Waswahili husema mficha uchi hazai. Yeye alikuwa ameufunua uchi, akaficha kile kilichokuwa kigumu zaidi kwake kukitoa.

Nikapiga magoti. Nikamwambia mke wangu akae penye kichwa cha mama yake. Nikasema, bado kupitia kwake, kwamba akigonga mkeka kwa mkono wa kulia nitaacha papo hapo. Mkono wa kulia ukagonga mara moja, kuonyesha kwamba amesikia.

Nikaweka viganja. Ngozi ilikuwa baridi na imekaza, na chini yake moyo ulikuwa unakwenda mbio kama wangu. Nilianza mbali, karibu na shingo, nikashuka. Nikalishika kovu. Nikasubiri mpaka likanipa nafasi ndogo, nikaichukua. Kila nilipobadilisha mahali nilimwambia mke wangu, naye alimwambia mama yake, ingawa midomo yetu ilikuwa shubiri tatu kutoka kwenye masikio yake. Nilipofika kwenye kamba niliuinua mkono mpaka pale ulipogoma, nikaituliza ngozi kati ya viganja viwili, nikaivuta pande mbili taratibu. Khanga ilipanda na kushuka juu ya mdomo wake. Mkono wa kulia ulikuwa umekunja ngumi, lakini haukugonga.

Kitu kikalia chini ya vidole vyangu. Mlio mdogo, kama kifundo cha kidole kinapovunjwa. Mke wangu akanishika begani, na mimi nikaganda. Nilijua ni kamba iliyoachia, na bado nilijiona nimemuua.

"Muulize kama imeuma," nikasema.

"Mwambie aendelee," ikajibu khanga.

Mkono ukapanda. Ukapita sikio, ukapita kichwa, ukalala kwenye mkeka nyuma. Mke wangu alilia, mimi nikatoka nje nikanawa mikono kwa maji mengi kuliko yaliyohitajika. Siku ya mionzi alilala kwenye mashine mkono ukiwa juu, na akaenda hivyo mpaka akamaliza matibabu yote. Mwaka umepita sasa, na madaktari wanasema kifua ni safi.

Lakini kwetu Ihumwa haji tena. Hutuma mchele, hutuma salamu kwa watoto, na mke wangu akimbembeleza husema mguu unauma. Sauti ile ya uani sijaisikia tangu siku ile. Ningemwacha nyuma ya pazia asingekuwepo, najua, na ningeulizwa leo ningeingia tena. Hata hivyo inaniuma. Kuna jioni nakaa sebuleni nikingoja mtu wa kunitukana chapati.

Msimu wa kupanda ulipoanza nilimpeleka mke wangu Bahi. Nikiwa natembea peke yangu kwenye tuta katikati ya majaruba ya mpunga, nikamwona mwanamke anakuja upande wangu na jembe begani. Alinitambua kabla sijamtambua. Akashusha jembe, akauinua mkono wa kushoto, akaivuta khanga kutoka nyuma ya shingo, juu kabisa ya kichwa, mpaka ikamfunika uso wote. Niliutazama mkono ule ukipanda, bega likizunguka, kwapa likifunguka bila kukwama popote. Kisha nikashuka kwenye jaruba, matope yakanifika magotini, nikampisha.