Siku Kumi na Moja Bila Shati

Binti yangu alizaliwa wiki nyingi kabla ya siku yake, mchana, mama yake akiwa amepandwa na presha hadi hajitambui. Walimfanyia upasuaji. Daktari alipotoka aliniambia mke wangu yuko chumba cha uangalizi, na mtoto yuko wodi ya njiti, ana kilo moja na gramu mia mbili.

Mimi ni fundi baiskeli, pale Mtendeni. Kilo moja na gramu mia mbili naijua kwa mkono: ni mnyororo na pedali zake mbili.

Muuguzi wa wodi ile alikuwa mama wa makamo, mpole lakini hana maneno mengi. Alinipa sabuni na brashi, akanisimamia kwenye bomba mpaka grisi ikatoka chini ya kucha. Kisha akasema, "Baba, mama yake hataweza kumbeba leo wala kesho. Joto atalipata kwako. Vua shati."

"Shati lote?"

"Kwani unataka alale juu ya vifungo?"

Nikavua. Akamlaza mtoto kifuani pangu, amevaa nepi, kofia na soksi tu, miguu imekunjwa kama ya chura, akatufunga pamoja kwa kitenge. Alikuwa mwepesi mno. Kila mara nilishusha macho kuhakikisha bado yupo.

"Hawa wakati mwingine husahau kupumua," muuguzi aliniambia. "Ukiona katulia kupita kiasi, msugue nyayo na uniite."

Nilimbeba hivyo mchana kutwa, nikimwachia muuguzi nilipokwenda kula na kumjulia hali mke wangu. Siku ya tatu mama mkwe wangu akafika kwa basi kutoka Igunga. Kwetu mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe, hamtazami usoni, sembuse kumwonyesha kifua. Alifungua mlango, akaniona, akajifunika uso kwa khanga na kurudi nyuma upesi. Nikamsikia akimwambia muuguzi koridoni, "Siwezi kuingia. Mkwilima wangu yuko uchi."

"Hayuko uchi, bibi. Amembeba mjukuu wako."

Akakaa kwenye benchi nje ya mlango, kaupa mgongo. Baada ya muda akaita, "Mkwilima." Ndivyo alivyoniita tangu nilipomposa binti yake.

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ananyonya?"

"Bado, mama. Anapewa maziwa ya mama yake kwa mpira wa puani."

"Ana nywele?"

"Nyingi."

"Masikio je?"

"Ya mama yake."

"Basi ni yangu hayo," akasema, na nikamsikia akicheka peke yake.

Siku mbili tukazungumza hivyo, mlango ukiwa wazi na mgongo wake ukinitazama. Aliniuliza kuhusu vidole, kope, rangi ya kucha. Sijawahi kuzungumza naye kiasi kile, kabla wala baada.

Siku ya tano, saa tisa mchana, nikahisi kifua changu kinapanda na kushuka peke yake. Nikafungua kitenge. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Nilianza kumsugua unyayo, lakini hakushtuka. Muuguzi alikuwa mwisho wa wodi na mtoto mwingine. Nikapiga kelele, "Mama! Hapumui!"

Hata leo sijui nilikuwa namwita nani kati yao. Aliyefika kwanza ni mama mkwe. Aliingia bila kujifunika, akapiga goti mbele yangu, akashika ule mguu mdogo na kuusugua kwa kidole gumba chake kigumu cha mkulima wa mpunga, akisema Kisukuma kwa sauti ya chini, kama anayemwamsha mtoto aende shule. Mtoto akashtuka, akavuta pumzi, akalia kilio chembamba. Muuguzi alipofika na kumkagua, rangi ilikuwa imerudi.

Mama mkwe hakutoka tena. Alikaa kwenye kiti pembeni yangu, machozi yakimtoka, na ni yeye aliyekaza upya fundo la kitenge mgongoni mwangu. "Umekonda, mwanangu," akasema. "Kesho nitakupikia."

Siku ya nane mke wangu aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Akatukuta hivyo, mimi kifua wazi na mama yake ananilisha wali kwa kijiko kwa sababu mikono yangu ilikuwa imemshikilia mtoto. Akacheka huku analia. "Mmeninyang'anya mtoto wangu na hata hamjanikaribisha chakula!"

Siku ya kumi na moja akawa na nguvu za kumbeba mwenyewe, nami nikavaa shati. Wiki zilizofuata mtoto alijifunza kunyonya, akaongezeka gramu kwa gramu, na tukaruhusiwa kwenda nyumbani.

Sasa yuko darasa la kwanza na likizo zote huzimalizia Igunga. Mimi na mama mkwe tumerudi kwenye heshima yetu. Nikifika kwake hukaa uani, naye hunisalimu kutoka ndani. Lakini mwaka jana mtoto alipopata homa akiwa huko, bibi yake alimpeleka zahanati, kisha akapiga simu. Hakumpigia binti yake. Alinipigia mimi.