Nilivaa mkanda wa champion Mbita, lakini hakuna aliyeniamini

Wakuu, habari za weekend. Hapa sitii chumvi, na bega langu la kushoto ni shahidi.

Nimeona mnabishana kule kwa uzi mwingine kuhusu champion yupi wa mieleka ni wa ukweli na yupi amebebwa. Nimecheka peke yangu. Mimi niliwahi kuwa champion wa kubebwa.

Tulikuwa tumemaliza form four, tunangoja matokeo. Vijana saba wa Mbita, wote wazimu wa mieleka ya TV. Tukajaza magunia nyasi kavu, tukazungusha kamba, ring ikawa tayari. Mkanda ulikuwa kifuniko cha sufuria. (Mama bado ananidai hicho kifuniko.)

Mshindi tulimpanga mapema. Nikapangwa mimi, kwa sababu tu nilikuwa na kifua kipana. Wa kuangushwa alikuwa rafiki yangu Okeyo, mwembamba, mpole, fundi wa kuanguka.

Shida ilikuwa mimi. Kila mechi niliimaliza haraka, bila jasho, halafu nikajisifu mbele ya watu, ile pakruok yetu Wajaluo: jina langu, ukoo wangu, ng'ombe wa babu. Kawaida mtu akijisifu hivyo, umati unamwitikia.

Mimi walininyamazia.

Siku moja Mama Atis, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akasema kwa sauti, "Huyu ni champion wa nani? Hata nywele haijaharibika!" Watu wakacheka, wakaenda zao.

Tukapata nafasi moja ya mwisho, Kosele, siku ya soko. Tulikubaliana watu wakiondoka tena, tunaacha kabisa. Nilikuwa naipenda hiyo kitu kuliko chochote, na niliogopa sana.

Kabla ya mechi Okeyo akaniambia, "Bro, leo usinishinde haraka. Wacha nikuumize kwanza."

"Si wataona mimi ni mnyonge?"

"Wacha waone."

Akaniumiza kweli. Mara ya tatu nilianguka nje ya magunia, kwa ardhi ngumu, bega likalia. Hapo sikuwa naigiza tena. Niliinuka kwa goti, nikaanguka, nikainuka. Soko likanyamaza, lakini safari hii hakuna aliyeondoka.

Okeyo akaninong'oneza, "Sukuma na mkono moja tu. Nitaruka mwenyewe."

Nikasukuma. Akaruka, akatua chini puu, hakuamka. Makelele ya watu, wakuu!

Sikuwa na pumzi ya kujisifu. Mama Atis, aliyekuwa ameleta omena yake hapo sokoni, ndiye aliyenisifu: "Huyu ni wuod Mbita, kijana wa kwetu! Ameanguka tukaona, ameinuka tukaona!"

Soko lote likaitikia. Nililia bila aibu.

Nilichojifunza ni kwamba shabiki haamini kwa sababu umeshinda. Anaamini akishakuona karibu ushindwe. Na kuna mtu lazima akufikishe hapo.

Mpaka leo nikifika Mbita wananiita champion. Okeyo yuko huko, anatengeneza engine za boti, na hakuna anayekumbuka kwamba alikuwa kwa ring. Hata mimi miaka yote hii sijawahi kumtaja. Mwezi uliopita nilimuuliza kama inamuuma.

Akafuta mikono na kitambaa, akasema, "Si waliamini?"

Basi leo ni zamu yake. Huyu ni Okeyo, wuod nyar Rusinga, mtoto wa binti wa Rusinga, aliyeanguka vizuri mpaka mimi nikaonekana nimesimama!

Wakuu, itikieni hapo chini, na mtaje Okeyo wa kwenu pia. Msimnyamazie.