Kokoto Shavuni mwa Kolluthi

Mimi na Kolluthi tulikuwa majirani miaka kumi na tisa kule bonde la magadi. Kati ya chumba chake na changu palikuwa na hatua hamsini za mchanga, na hazikutosha. Yule mtu alikuwa anaongea. Kijijini kwao kando ya mto alikuwa mfinyanzi, halafu akaacha vyungu akaja jangwani kutafuta ukimya, kama sisi sote. Sisi wengine tuliukosa kwa sababu yake. Akisuka ukili anaongea. Akiloweka mkate mkavu anaongea na mkate. Ukienda kwake asubuhi kuazima sindano, unarudi adhuhuri bila sindano, lakini unajua jinsi shangazi yake alivyoolewa mara tatu na kwa nini.

Baba Patermuti, kasisi wetu, alimkanya mpaka akachoka.

"Ndugu Kolluthi, huo mdomo ufungue kwa zaburi, kwa mengine ufunge."

"Nimekuelewa, Baba. Tena umenikumbusha kisa kimoja cha mjomba wangu…"

Mwaka mmoja, wakati wa joto, jino lake la nyuma likaoza. Shavu la kushoto likafura likawa kama limebeba yai la bata. Hakuweza kula, wala kusema. Jumapili akaja kanisani, akakaa ukutani kimya, machozi yakimlengalenga. Nakiri kwamba tulimshukuru Mungu kwa moyo mmoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwetu.

Jumapili hiyohiyo walifika wageni kutoka Aleksandria, wakiongozwa na mjane tajiri aitwaye Theodula. Watu wa mjini walikuwa wakija kutazama watawa kama wengine wanavyokwenda kutazama mamba. Yule bibi akamwona Kolluthi, akasimama.

"Huyu ana nini shavuni?"

Aliyekuwa karibu ni ndugu Hori, ambaye alikuja jangwani na utani wake wote, bila kuuacha nyuma hata kidogo. Akajibu bila kupepesa macho, "Kokoto, mama. Amelitia mdomoni asije akatamka neno la upuuzi."

"Tangu lini?"

"Hata sisi tumesahau."

Theodula akapiga magoti, akabusu pindo la joho. Kolluthi akaguna kwa maumivu. "Amenibariki," akasema yule bibi, akalia.

Walipofika Aleksandria, siku nne za jino zilikuwa zimekuwa miaka mitatu ya kokoto.

Jipu lilipasuka siku ya kumi na moja. Kolluthi alikuja mbio mlangoni kwangu, uso umepungua, mdomo uko tayari. Palepale ngamia wa wageni wapya kutoka mjini wakatokea kilimani. Nilimwona akiwatazama. Nikamwona akifunga mdomo, akainama, akaokota kokoto kwenye mchanga uliojaa mavi ya ngamia, akalifuta kwenye joho na kulisukumia shavuni. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema, kwa kuwa wiki ile nilikuwa nimeanza kuzisikia sala zangu mwenyewe, na nilizipenda.

Basi umaarufu ukaja. Mwenye merikebu alimuuliza kama aiuze; Kolluthi akafukuza nzi, na yule mtu akaenda kuuza. Ndugu zetu nao wakaingiwa na wivu, ambao kwa watawa huitwa bidii. Sarapamoni akatia makokoto mawili. Pinutioni akatia kubwa zaidi, akalimeza, na kwa siku tatu alisali kwa nguvu ambayo hatukuwahi kumwona nayo. Baba Patermuti alitutazama tu. "Nilikuwa na mpayukaji mmoja," aliniambia. "Sasa nina waongo ishirini, tena hawawezi hata kuimba."

Mwaka wa pili, mama yake Kolluthi akaja. Jina lake Tanufi, kizee mkavu kama ukindu. Mwongoza ngamia mmoja wa kubeba magadi alimwambia kule kijijini kwamba mwanawe hasemi tena. Habari za utakatifu hakumwambia. Akatembea siku nne, kichwani mtungi wa samaki wa chumvi. Alipofika, Theodula alikuwepo, na watu kama ishirini wameketi mchangani wakimtazama Kolluthi akinyamaza.

"Kolluthi, ni mimi."

Kimya.

"Dada yako Tsia amefariki. Tumemzika kabla ya mafuriko."

Kolluthi akainamisha kichwa. Wageni wakashusha pumzi. "Mama," Theodula akasema kwa upole, "una heri kuzaa mtu kama huyu."

"Mimi nilizaa mtu mwenye ulimi," Tanufi akasema. "Huyu mmemfanya nini?" Akamgeukia mwanawe. "Kama umekuwa bubu, tikisa kichwa nijue, nitakulilia. Kama hujawa bubu, hilo nalo nijue."

Hakutikisa. Mama akaungoja mtikiso wa kichwa kile muda mrefu kuliko ambavyo mimi ningeweza. Kisha akautua mtungi, akaokota fimbo yake, akaondoka.

Nilikuwa mlangoni nikiloweka ukindu. Nililiona lile shavu likianza kutetemeka. Halafu akatema. Kokoto likamwangukia msimamizi wa Theodula mapajani, na Kolluthi akakimbia kupanda kilima, pindo la joho mkononi.

"Mama, nisubiri! Lilikuwa jino tu, Mama. Tsia aliugua nini? Nani alimwosha? Mbona hamkuniita?"

Kizee hakupunguza mwendo. "Rudi ukanyamaze. Watu wametoka mbali."

"Nisamehe."

"Nenda kanichukulie mtungi wangu kwanza. Samaki wale si wa wajinga wale."

Akarudi mbio, akauchukua mtungi mbele ya wote, akaondoka na mama yake. Theodula alisema pepo wa maneno amemshinda mtakatifu. Kokoto alilifunga kwenye hariri. Hori alitaka kumweleza lilikookotwa, nikamkanyaga mguu.

Kolluthi alikaa kijijini miaka minne, akifinyanga vyungu na kumchotea mama yake maji. Alipomzika akarejea kwetu. Chumba chake kilikuwa na mtu mwingine, hivyo Baba Patermuti akamweka langoni kupokea wageni na kuwaonyesha visima. Kila mgeni alisimuliwa habari za jino, atake asitake. Wengi walichukia, wakauliza kama hakuna mtawa mwingine wa kutazama. Yeye aliwaonyesha njia ya kwa Sarapamoni mwenye makokoto, akawajazia na viriba.

Theodula alirudi mara ya tatu, amezeeka, amebebwa kwenye kiti. Shavu lilikuwa bapa, kwa hiyo hakumtambua.

"Ndugu, yule mnyamavu aliyekuwa hapa alikwenda wapi?"

"Alikwenda kwa mama yake," Kolluthi akasema.

"Hasara iliyoje," yule bibi akasema.

Kolluthi akamletea maji, akamshikia bakuli mpaka alipomaliza kunywa.