Karani Aliyesifu Kitunga

“Mama, kitunga yako iko muzuri sana! Ni nani aliisuka?”

Aliyeuliza ni karani wa vyeti vya kuzaliwa, ofisini Kabambare. Mama aliyeulizwa alikuwa ametoka Wamaza kwa pikipiki, mtoto mgongoni, kuja kutafuta cheti cha mtoto huyo. Alimwaga karanga zake kwenye kitenge, akakifunga fundo, kisha akaweka kitunga kitupu mezani kwa mikono miwili.

“Kamata, papa.”

“Hapana, mama! Nilisifu tu.”

“Kamata. Siwezi kurudia Wamaza bila karatasi.”

Kitunga kikasukumwa huku, kikarudishwa kule. Mwanamke mmoja mbele yangu kwenye mstari akasema bila kupandisha sauti, “Hata kuku yangu ilisifiwa tu. Haijarudia mpaka leo.”

Tulicheka wote isipokuwa wawili. Karani akapiga muhuri bila kuinua macho. Mama akapokea cheti, akachukua kitunga chake, akatoka mbio kama mtu anayeogopa kuitwa.

Mimi naamini karani alisema kweli, maana kitunga kilikuwa kizuri. Lakini kwetu mtu akisifu kitu chako unampa, na wenye meza za ofisi wameitumia vibaya heshima hiyo mpaka sifa ya kweli imekosa mahali pa kukaa. Hasira yangu si kwa yule mama.

Ndugu karani, ukisoma hapa, nakuomba: mpe mtu karatasi yake kwanza, ndipo usifu kitunga.